KUVUNJIKA KWA KOLEO SI MWISHO WA UHUNZI: SOMO KUTOKA KWA JANA NOVOTNA

Mwaka huu mhariri wa jarida letu aliniomba niandike makala ya kufunza, wala si hadithi ya kuchekesha kama ile niliyoandika nikiwa kidato cha pili. Nilikuna kichwa siku tatu. Mwishowe nikaona heri niandike juu ya jambo lililonisaidia mimi mwenyewe, maana mgema hasifii tembo ambalo hajalionja.

Wengi wenu mnajua kilichonipata katika tamasha za muziki muhula wa pili. Msiojua, nitawaambia. Nilikuwa nimepewa shairi la beti nane nilikariri mbele ya majaji. Nililikariri nyumbani nikichota maji, nikalikariri njiani nikija shule, hata mama akasema nimeanza kuliota usiku. Siku ilipofika nilipanda jukwaani nikasema beti nne bila kugugumiza. Nikamwona jaji mmoja akitikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo nilipojiambia moyoni, "Leo nimeshinda." Lo! Ubeti wa tano ukanitoka kichwani kama ndege aliyefunguliwa tundu. Nilisimama pale kama sanamu, kisha nikashuka nikilia. Tangu siku hiyo wenzangu darasani wakanipachika jina la "Ubeti wa Tano." Nami nikaapa sitapanda jukwaa tena maishani.

Mwalimu mlezi wa chama chetu akaniita. Nilidhani atanikemea. Kumbe aliniuliza swali moja tu: "Unamjua Jana Novotna?" Nikamjibu, "La, mwalimu, simjui." Akanisimulia habari ya mwanamke aliyelia mbele ya ulimwengu mzima. Alisema yeye mwenyewe aliiona picha ya machozi hayo gazetini akiwa kijana. Basi nami nikaenda kutafuta habari zaidi, na haya ndiyo niliyoyapata.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuelewane. Shuleni kwetu hatuna uwanja wa tenisi. Tuna uwanja wa kandanda wenye vumbi na nguzo mbili za mpira wa wavu. Kwa hivyo nitaeleza mchezo huu kwa ufupi ili hata yule ambaye hajawahi kushika raketi asiachwe nyuma.

Wachezaji wawili husimama pande mbili za wavu na kupigiana mpira mdogo kwa raketi. Mpira ukidunda mara mbili upande wako, au ukiupiga nje ya mstari au wavuni, umepoteza pointi. Pointi huhesabiwa kwa namna ya ajabu. Ya kwanza ni 15, ya pili ni 30, ya tatu ni 40, na inayofuata humpa mtu gemu, mradi awe mbele ya mwenzake kwa pointi mbili. Anayefikisha gemu sita kwanza, akiwa mbele kwa gemu mbili, ameshinda seti. Wakifungana sita kwa sita, huchezwa gemu maalum ya kuamua. Kwa wanawake, atakayepata seti mbili ndiye mshindi.

Katika kila gemu mchezaji mmoja ndiye huanzisha mpira. Hupewa nafasi mbili kila mara. Akikosea ya kwanza hujaribu ya pili. Akikosea zote mbili, pointi huenda kwa mpinzani bure bilashi.

Sasa shika neno hili, kwa kuwa ndilo kiini cha makala yangu: tenisi haina saa. Katika kandanda, timu iliyo mbele kwa mabao matatu inaweza kuupiga mpira nje, kujiangusha na kusubiri kipenga. Katika tenisi hakuna kipenga cha kukuokoa. Hata ukiwa mbele namna gani, ni lazima uichukue ile pointi ya mwisho kwa mkono wako mwenyewe. Wahenga walinena kuwa kutangulia si kufika. Nadhani kama wangeujua mchezo huu, wangeutumia kuwa mfano.

NI NANI HUYU?

Jana Novotna alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1968 katika mji wa Brno, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Jina lake la kwanza hutamkwa "Yana," lakini sisi Waswahili tukilisoma tu tunaona siku iliyopita. Mtaona hapo mbele kwamba jina hilo lilimfaa.

Nchi hiyo ilitoa mabingwa wengi wa tenisi. Mmoja wao ni Hana Mandlikova, aliyeshinda mashindano makuu mara nne akicheza peke yake. Mashindano makuu ni manne kila mwaka: ya Australia, ya Ufaransa, ya Wimbledon kule London, na ya Marekani. Mandlikova alifika fainali ya Wimbledon mwaka wa 1981 na wa 1986, na mara zote mbili akashindwa. Mwaka wa 1990 akawa mkufunzi wa Novotna.

Novotna alikuwa na mtindo wake. Wachezaji wengi hukaa nyuma ya mstari wakirudishiana mipira hadi mmoja achoke au akosee. Yeye alianzisha mpira kisha akakimbilia wavuni, akaupiga kabla haujadunda. Ni mchezo wa kuthubutu. Ukifaulu unapendeza macho, na ukikosea kila mtu anakuona. Mtindo huo ulimfaa sana katika nyasi za Wimbledon, ambapo mpira huteleza na kukimbia upesi.

Alikuwa hodari pia katika kucheza wawili kwa wawili. Mwaka wa 1988, katika Olimpiki za Seoul, yeye na Helena Sukova walipata nishani ya fedha. Mwaka wa 1989 na wa 1990 wawili hao walishinda Wimbledon. Kwa hivyo ifikapo mwaka wa 1993 hakuwa mgeni wa ushindi. Alichokosa ni taji moja kuu la kushinda akiwa peke yake. Mwaka wa 1991 alikuwa amelikaribia huko Australia, akafika fainali na kuchukua seti ya kwanza, lakini Monica Seles akamgeuzia kibao.

SIKU YA MACHOZI

Julai mwaka wa 1993 Novotna aliingia fainali ya Wimbledon dhidi ya Steffi Graf wa Ujerumani. Graf alikuwa simba wa uwanja ule. Alikuwa ameshashinda pale mara nne.

Seti ya kwanza walifungana sita kwa sita, na Graf akaichukua kwa taabu katika gemu ya kuamua. Seti ya pili Novotna akamchapa 6 kwa 1. Seti ya tatu Novotna akaenda mbele 4 kwa 1. Katika gemu iliyofuata ni yeye aliyekuwa akianzisha mpira, naye alikuwa mbele 40 kwa 30. Pointi moja tu, na ingekuwa 5 kwa 1. Baada ya hapo gemu moja tu, na taji ni lake.

Akapiga mpira wa kuanzia, akakosea. Akapiga wa pili, nao ukaenda nje.

Hapo mambo yakaanza kwenda mrama. Gemu hiyo akaipoteza, na iliyofuata, na nyingine. Mkono uliokuwa mwepesi ukawa mzito kama wa mtu aliyebeba gunia. Graf alichukua gemu tano mfululizo na seti ikaisha 6 kwa 4. Novotna hakupata hata moja tangu ile pointi.

Wakati wa kutoa tuzo, anayezitoa alikuwa Dachesi wa Kent, wa jamaa ya kifalme ya Uingereza. Novotna alijikaza kisabuni. Lakini mama yule alipomwambia maneno ya kumtuliza, kwamba anaamini siku moja atashinda, bwawa likapasuka. Akaangua kilio, akaegemea bega la Dachesi, naye akamkumbatia mbele ya umati wote. Picha hiyo ndiyo aliyoiona mwalimu wangu.

Niliposoma hapo, wallahi nilifunga kitabu. Nilijiona mimi kwenye jukwaa lile, baada ya ubeti wa nne.

MAJI YALIZIDI UNGA

Mtu angedhani mkosi huo ungetosha. La. Mwaka wa 1995 huko Ufaransa, katika raundi ya tatu, Novotna alikutana na Chanda Rubin wa Marekani. Katika seti ya mwisho Novotna alikuwa mbele 5 kwa 0, na katika gemu iliyofuata Rubin alikuwa hana pointi, Novotna ana 40. Rubin akachomoka. Mara tisa Novotna alibakisha pointi moja tu ashinde mechi, na mara zote tisa akaikosa. Rubin akashinda seti hiyo 8 kwa 6.

Watu wakaanza kusema huyu mwanamke hana moyo, akikaribia ushindi hutetemeka. Hapa nataka tutulie kidogo na kulipima neno hili, maana kusema ni rahisi.

Ikiwa hakuwa na moyo, mbona majuma machache baada ya mechi ile ya Rubin alishinda Wimbledon ya wawili kwa wawili akiwa na Arantxa Sanchez Vicario? Mbona mwaka wa 1996 huko Atlanta alipata nishani ya shaba akicheza peke yake, na ya fedha tena pamoja na Sukova? Kutetemeka alitetemeka, siwezi kukataa. Lakini kutetemeka ni tukio, si tabia. Hapo ndipo tunapokosea sisi wanafunzi. Mwenzetu akipata alama ya chini katika hesabu mara mbili, tunamwita "zero" hadi amalize shule. Jina likimkaa mtu kichwani, hulitii.

Mwaka wa 1997 akafika tena fainali ya Wimbledon. Safari hii mpinzani wake alikuwa Martina Hingis wa Uswisi, msichana wa miaka 16. Ndiyo, msomaji, umri wangu mimi! Novotna alikuwa na miaka 28. Akachukua seti ya kwanza 6 kwa 2, kisha Hingis akashinda mbili zilizofuata, 6 kwa 3 na 6 kwa 3. Fainali mbili za Wimbledon, na zote mbili ametoka patupu, sawasawa na mkufunzi wake Mandlikova.

SIKU YA TATU

Mwaka wa 1998 akarudi. Katika robo fainali alimshinda Venus Williams. Katika nusu fainali akakutana na nani? Hingis yule yule. Akamshinda 6 kwa 4, 6 kwa 4. Fainali ilikuwa tarehe 4 Julai dhidi ya Nathalie Tauziat wa Ufaransa. Seti ya kwanza Novotna akaichukua 6 kwa 4. Ya pili wakafungana sita kwa sita, ikabidi ichezwe gemu ya kuamua. Hapa ndipo kila aliyekumbuka mwaka wa 1993 alipoanza kujiuliza kama mkono utakuwa mzito tena.

Haukuwa. Alichukua gemu hiyo ya kuamua 7 kwa 2, na akaanguka magotini kwenye nyasi. Alikuwa na miaka 29 na miezi tisa, na hapakuwa na mwanamke aliyepata taji lake kuu la kwanza akiwa na umri mkubwa kama huo tangu mashindano hayo yalipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa mwaka wa 1968. Baadaye wengine walimpita kwa umri, lakini siku hiyo rekodi ilikuwa yake. Aliyempa ile sahani ya ushindi alikuwa Dachesi wa Kent yule yule.

Mandlikova, ambaye hakuwahi kushinda Wimbledon peke yake, alimfikisha mwanafunzi wake mahali ambapo yeye hakufika. Walimu wetu wapendwa, nanyi mlisikie hilo. Mwalimu si lazima awe amekwea mti wote ndipo amwonyeshe mwingine tawi la kukanyaga.

Jambo jingine lilinishangaza zaidi. Katika mashindano yale yale ya 1998, Novotna alishinda pia taji la wawili kwa wawili. Mwenzake alikuwa nani? Hingis! Yule aliyemliza mwaka wa 1997, na ambaye ametoka kumwondoa katika nusu fainali, ndiye waliyeshirikiana naye. Mwaka huo pamoja walishinda Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Sisi mwenzetu akitupita kwa alama tatu katika Kiswahili tunakataa hata kumwazima kamusi.

Novotna aliacha kucheza mwaka wa 1999. Kwa jumla alipata mataji 24 ya kucheza peke yake na 76 ya wawili kwa wawili. Katika mashindano yale makuu alitwaa taji moja peke yake, 12 akiwa na mwanamke mwenzake, na manne akiwa na mwanamume, Jim Pugh. Mwaka wa 2005 jina lake liliingizwa katika jumba la kuwaenzi mabingwa wa tenisi. Kwa masikitiko, alifariki tarehe 19 Novemba 2017 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na miaka 49 tu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Nilipomsomea rafiki yangu makala haya, aliniuliza swali lililoniuma. Alisema, "Wewe unamsifu kwa sababu mwishowe alishinda. Na angeshindwa mwaka wa 1998 je?" Sikuwa na jibu papo hapo. Niliwaza njiani hadi nyumbani.

Ni kweli kwamba si kila avumiliaye hula mbivu. Tauziat naye alivumilia, alikuwa na miaka 30 siku ile, na hakupata kamwe taji kuu la peke yake. Kwa hivyo nikisema, "Vumilia tu, utashinda," nitakuwa ninawadanganya. Ninaloweza kusema bila kudanganya ni haya matatu.

Kwanza, Novotna hakuubadilisha mtindo wake kwa woga. Baada ya 1993 aliendelea kukimbilia wavuni. Alirekebisha makosa, lakini hakujikana.

Pili, hakuacha yale aliyoyaweza kwa sababu ya lile lililomshinda. Alipoanguka peke yake, alisimama na wenzake. Kama angeshindwa pia mwaka wa 1998, mataji yale mengine na nishani zile zingebaki zake.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, alikubali kurudi mahali pale pale palipomwaibisha. Hakuchagua uwanja mwingine. Kilio kile kilikuwa Wimbledon, na furaha ilikuwa Wimbledon. Asingerudi, jina lake lingebaki kuwa la picha ile ya machozi. Wenye jina la "Jana" ni wengi, lakini huyu hakuiachia jana yake imfungie mlango wa kesho.

Nami sasa niungame. Juma lililopita mwalimu alibandika ukutani orodha ya watakaokariri mashairi katika tamasha za mwaka ujao, nikiwa kidato cha nne. Niliipita orodha hiyo siku mbili nikijifanya siioni. Siku ya tatu niliandika jina langu kwa kalamu ya wino, ili nisipate kulifuta. Huenda nikasahau tena ubeti wa tano. Nikisahau, nitaomba radhi na kuanza wa sita. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti kati ya kuwa mbele katika kandanda na kuwa mbele katika tenisi.
2. Taja mambo mawili yanayoonyesha kwamba si sawa kusema Novotna hakuwa na moyo.
3. Mwandishi anasema "kutetemeka ni tukio, si tabia." Je, unakubaliana naye? Toa mfano kutoka darasani mwenu.
4. Tunga sentensi moja moja kwa kutumia: kwenda mrama, kujikaza kisabuni, kutoka patupu, kugeuziwa kibao.
5. Andika insha ya ukurasa mmoja na nusu yenye kichwa: KUTANGULIA SI KUFIKA.